Kuangusha mti ulioinama kwa chenso: hatua kwa hatua, kwa anayeanza

Mvua zikikata tu na watu wakaanza kuvuna miti yao, maswali ni yaleyale. Mti umeinamia barabarani, nianzie upande gani? Mbona mlingoti wangu (wengine mnauita mkaratusi, ni huohuo) umepasuka katikati kabla haujaanguka? Mashine imebanwa ndani ya mti, naitoaje? Na lile linalonitia hofu kuliko yote: "huu si umeshainama wenyewe, nakata nyuma tu unakwenda, au?" Basi nimeona niandike yote sehemu moja, mwenye swali asome hapa kwanza, akiwa bado na kitu aulize.

Niseme mapema kabisa. Mti ulioinamia kulekule unakotaka uangukie ndio watu wanaudharau, na ndio mbaya. Ule ulioinama nyuma kila mtu anauogopa, anaita wenzake, anatafuta kamba. Huu wa mbele mtu anauona wa bure, anakata kimdomo kidogo mbele (ule mkato wa umbo la kabari upande mti unakoangukia), anazunguka nyuma na mashine, hajafika hata nusu mti unaanza kwenda, zile nyuzi ambazo hazijakatwa zinavutwa kwa nguvu zote, gogo linapasuka wima kwenda juu mita 2 au 3 na kile kipande cha nyuma kinaruka usawa wa kifua na uso wa aliyeshika mashine. Pale hakuna kukimbia, ni kufumba na kufumbua. Milingoti ndio mabingwa wa kupasuka hivi, kwa sababu ubao wake una mvutano ndani hata mti ukiwa umesimama wima, sasa ukiinama ndio kabisa.

Kwa hiyo sehemu kubwa hapa ni ya huo wa mbele. Wa pembeni nitaugusa, na wa nyuma nitakwambia kwa nini usiuguse peke yako.

Uwe na nini kabla hujaanza

Chenso, Kenya wengi wanaita pawa soo, yenye breki ya cheni inayofanya kazi. Breki ni kile kigao kilicho mbele ya mkono wako wa kushoto, ukikisukuma mbele cheni inasimama hapohapo. Ijaribu kila asubuhi. Zile mashine kubwa za zamani za kupasulia mbao nyingi hazina breki kabisa, hizo ziache kwenye kupasua, kwenye kazi hii tutatoboa mti kwa ncha na bila breki unacheza na shingo yako. Bledi, namaanisha lile bapa ambalo cheni inazungukia, iwe ndefu kuliko unene wa mti. Mti wa sentimita 40, bledi ya inchi 18 inatosha.

Cheni iwe imenolewa, na tupa ya mviringo iwepo mfukoni. Petroli ichanganywe na oili ya 2T kama kitabu cha mashine kinavyosema: mashine nyingi ni mililita 20 kwa lita 1, zile za Kichina nyingi zinataka mililita 40. Usichanganye kwa macho. Oili ya cheni nayo ijae.

Mwilini: kofia ngumu yenye wavu wa uso, vizibo vya masikio, glavu, buti ngumu zenye chuma mbele, na suruali ya chenso. Hiyo suruali ndani ina nyuzi ndefu, cheni ikiigusa nyuzi zinavutwa zinaingia kwenye gia na mashine inakaba. Najua bei yake inauma, lakini jinzi haizuii kitu, wala kuvaa suruali mbili hakusaidii. Ndala na yeboyebo ziache nyumbani. Skafu, nguo ya kupepea, koti lisilofungwa, hivyo vyote hapana.

Halafu: kabari 3 za plastiki au za mti mgumu (sio za chuma, cheni ikigusa chuma umeumia wewe na cheni), shoka la kuzigongea, panga la kufyekea, uzi wenye uzito mwishoni kama timazi la fundi ujenzi, na mkanda wa kukazia mizigo, ule wa malori wenye racheti. Bandeji kubwa za kukandamiza jeraha. Simu yenye chaji, na ujue kabisa mkiumia mnakwenda hospitali gani na mnakwenda na nini.

Na mtu. Usikate peke yako. Msaidizi akae unakomuona mkiwa mmeshapatana ishara za mikono, maana na vizibo masikioni hutamsikia.

Kuhusu kibali, usidhani mti wa shambani kwako unakata tu. Pita ofisi ya kijiji au kwa afisa misitu wa wilaya uulize. Kwa Tanzania kusafirisha mbao na magogo kuna kibali chake, na ukikamatwa barabarani bila hicho kibali kujitetea kwamba mti ni wa baba hakutakusaidia.

Mti gani usiuguse

Wenye waya wa umeme karibu. Piga simu TANESCO, kama uko Kenya piga Kenya Power, usianze kuhesabu kwamba "utapita pembeni kidogo". Wenye shimo ndani: gonga shina kwa kisogo cha shoka kuzunguka lote, mti mzima unatoa mlio mkavu mfupi, ulio tupu unatoa mlio wa ngoma. Uyoga kwenye shina au mchwa kwenye mizizi ni ishara hiyohiyo. Mwembe mkubwa wa zamani mara nyingi nje unaonekana mzima na ndani hakuna kitu. Mnazi nao sio wa mwongozo huu, ugumu wake uko nje na katikati ni laini, hautengenezi bawaba (kile kipande kisichokatwa kinachouongoza mti ukianguka) kama miti mingine, pwani muite mkwezi aushushe vipande vipande. Na mti mnene kuliko bledi yako, huo una ufundi wake, usijifunzie hapo.

Vimti vyembamba chini ya sentimita 20 hivi vinachanganya, vinaonekana vya mchezo lakini havina nafasi ya kutoboa, kwa hiyo njia nitakayoeleza haviwezi. Kama kimeinama sana mpe mwenye uzoefu.

Hatua zenyewe

Tuchukue mfano mmoja tuende nao: mlingoti wenye unene wa sentimita 40, urefu kama mita 20, umeinamia upande wa shamba wazi na ndiko unakotaka ulale.

1. Angalia umeinama lini. Mti ulioinama miaka mingi shina lake limepinda, chini limelala halafu juu limejinyoosha kutafuta mwanga, na udongo nyuma yake umetulia, nyasi zimeota. Mti ulioinama juzi na upepo au mvua shina limenyooka kama fito lakini lote limelala, na ukizunguka nyuma utaona udongo umepasuka, mizizi imeanza kunyanyuka. Huu wa pili ni hatari tofauti. Ukishaukata kisiki kinaweza kurudi kusimama kwa kishindo na shimo lake likafunga. Mtoto asikae pale, mbuzi asifungwe pale, na wewe usisimame juu ya hiyo mizizi. Kwa anayeanza nasema uache.

2. Pima mwinamo, usiuamini kwa macho. Simama mbali kiasi cha kuuona wote, ning'iniza timazi mbele ya jicho lako, linganisha uzi na shina. Halafu, na hapa ndipo wengi wanaruka, zunguka robo duara upime tena kutoka upande wa pili. Mti unaweza kuonekana umeinama mbele tu kumbe umeinama mbele na kulia. Ukimaliza shina angalia kichwa: matawi mengi yako upande gani? Kichwa kizito upande wa kulia kinahesabika kama mwinamo hata shina likiwa wima. Mgrevilea ndio unadanganya hapa, hasa uliokatiwa matawi ya upande mmoja kila mwaka kwa ajili ya kuni.

3. Angalia juu. Matawi makavu yaliyovunjika na kubaki yananing'inia, mizabibu pori iliyounganisha mti wako na wa jirani, mzinga wa nyuki (huu usiucheke, mtu anayetimuliwa na nyuki ameshika mashine inayowaka sijui tumwite nani). Upepo ukiwa wa kutikisa vichwa vya miti, siku hiyo noa cheni ukae.

4. Pima urefu. Kata kijiti chenye urefu sawa na kutoka jicho lako hadi ngumi ukiwa umenyoosha mkono. Kishike wima, rudi nyuma mpaka kijiti kifunike mti wote kutoka kitako hadi ncha. Pale uliposimama hadi kwenye mti ndio karibu urefu wake. Watu wote wasio na kazi wawe mbali mara 2 ya urefu huo, kwa mti wetu mita 40, pande zote. Kama kuna njia ya watu karibu weka mtu kila mwisho azuie.

5. Safisha kitako cha mti na fyeka njia 2 za kutokea. Hazielekei nyuma moja kwa moja. Zinakwenda nyuma kwa mshazari, moja kushoto moja kulia, katikati ya nyuma na pembeni. Nyuma kabisa ndiko gogo linakopiga teke. Fyeka kweli, usawa wa ardhi, ondoa na visiki, sio unapiga panga 2 unaridhika. Tembea njia yote mara moja ukiwa na mashine imezimwa uone kama unajikwaa.

6. Zungushia mkanda wa malori kwenye shina, juu kidogo ya pale utakapokata, ukaze kwa racheti mpaka ukatae. Hii ni akiba ya kuzuia mpasuko. Haichukui nafasi ya kukata vizuri, ila kwa mlingoti siachi kuifunga.

7. Washa mashine chini, sio hewani. Iweke ardhini, breki imefungwa, buti ndani ya mpini wa nyuma, mkono wa kushoto juu, vuta. Na uiwashe mita 3 au zaidi kutoka ulipojazia petroli.

8. Kata mdomo, upande unaoinamia. Anza na mkato wa juu ukishuka kwa mshazari, halafu wa chini uje ukutane nao, mdomo ukifunguka uwe kama nyuzi 70, mpana kuliko ule mdogo wa nyuzi 45 ambao wengi tumezoea. Sababu ni moja: mdomo mwembamba unafunga mapema mti ukiwa bado hewani, bawaba inalazimika kukatika au gogo linapasuka. Kina chake ni moja ya tano ya unene tu, kwa mti wetu sentimita 8. Ukienda ndani zaidi kwenye mti ulioinama mbele unabanwa, uzito wote uko juu ya mdomo huo. Mikato 2 ikutane mstari mmoja kabisa. Mmoja ukipitiliza mwingine hata kwa sentimita 2, ule mpasuo mdogo unafunga kwanza kabla ya mdomo, na hapo hujui mti utafanya nini. Piga magoti uangalie, chungulia pande zote mbili, safisha kwa shoka kama kuna kijipande kimebaki.

9. Toboa. Hapa ndipo penyewe. Badala ya kukata kutoka nyuma kuja mbele, tunaingiza bledi katikati ya shina kutoka ubavuni, tunaacha mti umeshikwa nyuma. Simama ubavuni, weka ncha ya bledi kwenye gome usawa wa pembe ya mdomo au juu yake kidogo tu, na uanzie nyuma ya pale bawaba itakapokuwa, usianzie kwenye bawaba. Gusa kwa sehemu ya CHINI ya ncha. Robo ya juu ya ncha ikigusa mti mashine inaruka kukurudia usoni, na huko ndiko watu wanakatwa shingo na bega. Gesi kamili, chini ya ncha iume kwanza ikiwa imeelekea chini kidogo, ikishaingia kina kama upana wa bledi yenyewe ndio unainyoosha taratibu iwe sambamba na mdomo, halafu unasukuma mpaka itokee upande wa pili. Mkono wa kushoto umekunjwa na dole gumba limezunguka mpini, kichwa chako kisiwe mstari mmoja na bledi. Kama haujawahi kutoboa, kajifunze kwanza kwenye kisiki kirefu, toboa mpaka mkono uzoee.

10. Bledi ikiwa imetokea upande wa pili, sogea mbele kuelekea mdomo mpaka bawaba ibaki na unene wa moja ya kumi ya mti, kwetu sentimita 4, na unene huo uwe sawa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Acha hapo. Usiseme "niipunguze kidogo iwe laini". Bawaba ndiyo inayoongoza mti mpaka chini, ukiikata umeachia usukani.

11. Sasa geuza, kata kurudi nyuma, lakini usitoke. Acha kishikizi nyuma, kipande kizima cha sentimita 5 hivi pamoja na gome. Ukifika hapo toa mashine. Angalia sasa ulichotengeneza: mbele bawaba, nyuma kishikizi, katikati pamekatwa kote, na mti bado umesimama haujaenda popote. Umekamata uzito wote wa mti, na wewe ndiye unaamua saa ya kuuachia. Tofauti na kule kwa mwanzo ambako mti ndio ulikuwa unaamua.

12. Pumzika sekunde chache. Breki imefungwa. Angalia juu tena, angalia msaidizi, angalia njia, piga kelele. Sisi tunaita "mti huoo!", nyie semeni mnavyosema ila kila mtu ajue maana yake.

13. Kata kishikizi kutoka nyuma, chini kidogo ya usawa wa ule mkato wa kutoboa, kama inchi 1. Simama pembeni, kwenye mdomo wa ile njia yako ya kutokea, mikono imenyooka, mwili usiwe nyuma ya shina. Kikibaki chembamba utasikia paa! na mti unakwenda wote kwa mkupuo. Hautangoja.

14. Ukisikia mlio tu, toa mashine, funga breki, ondoka kwa njia yako. Mashine ikikataa kutoka iache, mashine inanunuliwa. Nenda kama mita 5 au zaidi huku unaangalia juu, maana matawi yanaendelea kushuka baada ya mti kulala. Subiri vumbi litulie ndio urudi.

Mti ulioinama pembeni

Hapa unataka uende mbele lakini wenyewe unavuta kulia, tuseme. Kabari unaweka upande wa kulia, kule unakovutia. Bawaba unaiacha nene zaidi upande wa kushoto, kwa sababu nyuzi za kushoto ndizo zinazouvuta usiende kulia, ukizikata umekwisha. Mkato wa nyuma unaanza kulia, kabari unaigonga mapema bledi ikiwa na nafasi, na unamalizia kushoto ukiwa umesimama kushoto. Kwa lugha nyepesi: anza upande mbaya, maliza upande mzuri, simama upande mzuri. Na mdomo uuelekeze kushoto kidogo ya pale unapotaka mti ulale, maana utarudi kulia ukiwa njiani.

Usijaribu kuugeuza mti wenye mwinamo mkubwa robo duara nzima eti kwa sababu kule kuna nafasi. Ni rahisi zaidi kuhamisha banda la kuku.

Mti ulioinama nyuma

Nilisema nitakwambia kwa nini. Fanya hesabu. Kabari ikinyanyua sentimita 2.5, na kutoka bawaba hadi kabari ni sentimita 28, mti wa mita 20 kichwa chake kinasogea kama mita 1.8 tu. Sasa kama timazi lilikuonyesha kichwa kimerudi nyuma mita 3, kabari hiyo unagonga mpaka jioni haikusaidii, na wakati huo umeshakata, mti umekalia mashine yako, na bawaba inalia.

Mti wa namna hii unataka kamba iliyofungwa juu, theluthi mbili ya urefu au zaidi, chenibloku au winchi iliyofungwa kitako cha mti mwingine imara, ikiwa mbali kuliko urefu wa mti, au puli ili wavutaji wasiwe kwenye njia ya mti kabisa. Sio vijana 6 wameshika kamba ya katani ya mwaka juzi, mmoja ameizungusha kiunoni. Tafuta opereta aliyeshafanya. Lipa. Yale mashamba makubwa ya miti Mufindi na Njombe yana watu wa kazi hii kila siku, hata kama hauko huko ulizia kwenye viwanda vya mbao vya karibu na wewe, hawakosi.

Ikigoma

*Mashine imebanwa.* Izime kwanza. Usiitikise ikiwa inawaka. Gonga kabari kwenye mkato mpaka ulegee. Kwenye mti ulioinama mbele kubanwa wakati wa kukata mdomo maana yake umeingia ndani sana, kwa hiyo hata ukiitoa usiendelee kuchimba. Kama kabari haiingii, fungua nati 2 za pembeni, ondoka na injini, acha bledi na cheni ndani, lete bledi nyingine kama unayo. Usikae chini ya mti ulioinama unavuta mpini kama unang'oa muhogo.

*Nimekata kishikizi chote mti haujaenda.* Basi haukuwa umeinama mbele kama ulivyodhani, kapime tena kwa timazi (ulizunguka robo duara?). Usikate bawaba. Weka kabari nyuma ugonge taratibu huku unaangalia kichwa.

*Nasikia mti unalia wakati natoboa, au naona ufa unapanda juu.* Toa mashine, ondoka kwa njia yako, usirudi kuangalia kwa karibu. Mti huo umeshaanza kupasuka. Kama ulifunga mkanda umekupa muda, utumie kwenda mbali. Muite mwenye uzoefu.

*Bawaba imetoka nene upande mmoja.* Kama ni kidogo na mti umeinama mbele tupu, ingiza bledi tena usawazishe kabla ya kugusa kishikizi. Kama umeshagusa kishikizi, umechelewa, mti utavutwa upande ulio mnene. Hamisha watu wa upande huo.

*Umeangukia mti mwingine ukanasa.* Hii ndiyo inaleta misiba ya kizembe. Usikate ule mti ulioushikilia. Usipande. Usipite chini yake hata kuchukua panga. Usiangushe mwingine juu yake ili "uusukume". Kinachofaa ni kuvuta kitako kurudi nyuma kwa winchi, trekta au hata ng'ombe, kwa mnyororo mrefu, watu wakiwa mbali. Mdogo unaweza kuuviringisha kwa fito ndefu iliyofungwa kwenye shina, ukiwa upande ambao hautakujia.

*Cheni inatoa unga badala ya chenga, na inavuta upande.* Butu, au meno ya upande mmoja yamechakaa kuliko mwingine. Noa yote kwa idadi sawa ya kupiga tupa. Cheni butu inakulazimisha kukandamiza, na kutoboa kwa kukandamiza ndiko kunakoleta ile kuruka usoni. Ikitoka moshi oili ya cheni imeisha au tundu lake limeziba.

*Mti umegoma nusu, umeshatobolewa, na giza linaingia.* Usiuache hivyo ukaenda kulala, upepo wa usiku utaumalizia wenyewe na asubuhi watoto wanapita kwenda shule. Kama kuuangusha kwa usalama kumeshindikana, zungushia kamba na matawi umbali ule wa mara 2 ya urefu, waambie majirani nyumba kwa nyumba pamoja na mwenyekiti wa kitongoji, weka mtu alinde njia, na fundi awe pale kukipambazuka.